Mahali Mto wa Mukuru Unapoishia

Kwa miaka kumi na sita Nerima aliendesha baiskeli kwenda kazini kwa barabara ya Outer Ring, na kama kulikuwa na mwanamke mwingine aliyefanya hivyo, basi alipita vichochoro ambavyo Nerima hakuvijua. Watu wa Umoja walimwita Mama Baiskeli. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kejeli, na yeye aliwaitikia wote sawasawa, kwani alisema mwenye miguu hana haja ya kugombana na mwenye mdomo. Baiskeli yenyewe ilikuwa Black Mamba, zile nyeusi nzito zinazobeba gunia la mahindi pamoja na mwenye gunia. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Zedekiah. Baada ya matanga shemeji zake walikuja kuichukua asubuhi moja, wakakuta ameshaipanda na kwenda kazini. Hawakurudi tena kuiulizia.

Kazi yake ilikuwa kung'arisha sufuria katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Wafanyakazi wenye baiskeli walikutana saa kumi na mbili asubuhi penye kituo cha petroli, wakaondoka kwa kundi, maana dereva wa lori akimwona mwendesha baiskeli mmoja humwona kama nzi, lakini akiona wanane huona kesi mahakamani. Na katika kundi hilo, kila siku ya Mungu, aliyekuwa ubavuni mwa Nerima ni Wandera.

Wandera alikuwa fundi wa mitambo, kijana wa miaka ishirini na tisa wakati huo, mrefu, mbishi, mwenye kicheko cha kushtua ng'ombe. Yeye na Nerima walibishana kutoka Umoja hadi getini. Walibishania bei ya sukari, walibishania mahubiri ya Jumapili, walibishania kama kuku wa kienyeji anamjua mwenye kumfuga. Wakifika, Jecinta wa Shauri Moyo, aliyeuza chai na mandazi pale getini, aliwamiminia chai katika kikombe kimoja kikubwa, nao wakakipokezana huku wakiendelea kubishana. Nerima alikuwa mjane mwenye binti mmoja na nyumba yenye kimya kingi. Ile nusu saa ya barabarani ndiyo iliyomwamsha asubuhi, kuliko hata saa ya kengele.

Ubishi wao wa mwisho ulitokea darajani, pale Outer Ring inapovuka ule mto unaopita nyuma ya Mukuru kwa Njenga. Maji yalikuwa meusi kama kawaida, yakinuka kama kawaida. Nerima akasema kwamba yale maji yanafika baharini.

"Haya?" Wandera akacheka. "Mathe, haya hayafiki hata Athi River. Yanakufa njiani."

"Yanaingia mto Athi, Athi inapita kwa kina Maingi Ukambani, inabadilisha jina huko mbele, inatokea Malindi. Maingi mwenyewe ameniambia."

Maingi alikuwa soja wa getini, na kwao kulikuwa kando ya mto huo.

"Maingi ni soja," Wandera akasema. "Kazi yake ni kuangalia geti, sio mito. Hiyo tutamaliza Jumatatu."

Hawakuimaliza Jumatatu. Jumamosi ile wageni walikuja kijijini kwa Nerima, upande wa Bumula, kumposa binti yake Mitchelle. Nerima alijua kuna kijana, ila hakumjua ni nani; Mitchelle alisema tu kwamba ni mtu wa upande wa Funyula na ana kazi. Akachungulia kupitia dirisha la jikoni, akamwona mposaji mwenyewe amesimama uani katika suti ya kuazima, mikono imetokeza nje ya koti. Alikuwa Wandera, ambaye naye hakujua mpaka siku hiyo mama wa mchumba wake ni nani. Nerima alifurahi hata akashika ukuta. Kisha akakumbuka maana yake, na furaha ikaingia mchanga.

Maana kule kwao, kama kwa kina Wandera, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawashikani mikono. Hawaketi kiti kimoja, hawali sahani moja, hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja hukata kona. Ni heshima, na heshima si utumwa, lakini nani aliyesema heshima haiumi? Jumatatu Nerima alipofika penye kituo cha petroli, Wandera alikuwa ameshatangulia mbele kabisa ya kundi. Tangu siku hiyo yeye akawa wa kwanza na Nerima wa mwisho, na katikati yao watu sita. Jecinta naye akaanza kumpelekea Wandera chai upande wa pili wa geti. Nerima alipata mkwe, akapoteza rafiki, na hakuwa na mtu wa kumlalamikia, kwa sababu Wandera alimtunza Mitchelle vizuri mno. Angekuwa mlevi ingekuwa nafuu.

Desturi zina milango, lakini. Katika ukoo wa Nerima, mkwe akitaka kupunguza ule ukali huja na blanketi, akamfunika nalo mama mkwe mabegani mbele ya mashahidi wawili. Kuanzia hapo wanaweza kusalimiana na kuongea kama watu. Nerima akangoja blanketi. Mwaka wa kwanza akasema kijana anajipanga. Mwaka wa pili akasema wana mtoto mchanga. Mwaka wa tatu hakusema kitu. Kumwambia Mitchelle amkumbushe mumewe hakungewezekana hata kidogo, kwa sababu blanketi la kuombwa si blanketi. Mwaka wa nne, uliokuwa mwaka wa 1994, alikuwa ameshaamini kwamba Wandera hakuwahi kuupenda ubishi ule, kwamba alikuwa akimvumilia tu mama wa watu, na sasa amepata pa kujificha.

Kisha kiwanda kikapunguza watu, na jina la Nerima likawa kwenye orodha. Mwisho wa Agosti angepakia vitu vyake arudi Bumula kwa mashamba. Wenzake wakamuuliza wamuage vipi. Saa ya ukutani? Seti ya vikombe?

"Nataka kuona mahali ule mto wa Mukuru unaishia," akasema.

Wakadhani anatania. Lakini Maingi alishika jambo lile kama ni kesi ya ukoo wake, akapanga kila kitu. Watu saba wakapanda treni hadi Mombasa, baiskeli zimelazwa katika behewa la mizigo, kisha basi hadi Malindi. Asubuhi ya Jumamosi pikapu iliyokuwa ikienda bara kuchukua makaa ikawapandisha hadi Jilore, mahali ambapo mto, ambao sasa unaitwa Sabaki, uko karibu na barabara. Kutoka hapo wangefuata njia ya kando ya mto kurudi pwani, kilomita thelathini hivi, polepole, bila kushindana na mtu. Na Wandera alikuwa miongoni mwa wale saba. Nerima alipomwona stesheni na baiskeli yake, furushi limefungwa kwa nailoni kwenye keria, moyo wake ulijaribu kuruka, akauambia ukae chini.

Waliondoka Jilore saa mbili. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, nyembamba, kushoto mto na kulia mashamba ya mahindi na mikorosho. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, hauna haraka yoyote. Maingi alitangulia akieleza mambo kama mwenye nyumba, ingawa kwao kulikuwa mbali sana juu. Jecinta, ambaye baiskeli yake ilikuwa ndogo ya kike yenye kikapu mbele, alisimamisha kundi kila palipo na kivuli ili anywe maji, na kila akisimama alisema, "Ngai, kumbe dunia ina hewa." Walicheka, wakala ndizi, wakapisha ng'ombe. Wandera alikuwa mbele na Nerima nyuma, kama sheria.

Nerima alitazama yale maji akajaribu kuyatambua. Hayakuwa meusi tena, wala hayakunuka. Aliona jambo hilo linamfurahisha kuliko alivyotarajia, na papo hapo likamkera, kwa sababu mtu pekee aliyetaka kumwambia alikuwa mita mia mbele yake.

Ilikuwa kama saa sita, katikati ya mikoma, wakati pedeli zake zilipozunguka bure. Alikanyaga, na hakuna kilichoshika. Mnyororo ulikuwa mzima. Ni ile friwili ya nyuma iliyokufa, gia inazunguka peke yake kama mlango usio na kitasa. Alishuka, akaita, lakini kundi lilikuwa limeshakata kona na upepo ulikuwa unamjia yeye. Akasukuma baiskeli, akachoka, akaketi kwenye mzizi. Mng'arisha sufuria wa miaka hamsini na tatu, mchanga umejaa viatuni, peke yake kando ya mto wenye mamba. Alianza kujiona mjinga.

Akasikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Wandera, peke yake. Alikuwa amehesabu vichwa kwenye kona na kukuta kimoja hakipo, akarudi bila kufikiri. Sasa alifikiri. Alisimama hatua ishirini mbali, uso ameugeuzia mtoni, na Nerima akainuka haraka akajificha nyuma ya mkoma, ambao haukumtosha.

Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Jecinta hayupo, Maingi hayupo. Kando ya maji, mbali kidogo, palikuwa na wanawake wa Kigiriama wakichota maji, lakini hao ungewaambia nini?

Hatimaye Nerima akaikoholea baiskeli yake.

"Wewe Mamba," akaiambia. "Friwili yako imekufa. Kama kungekuwa na fundi karibu, ningekuacha hapo njiani akutazame, mimi nikae huku."

Wandera akasogea, macho chini, akaiinamia baiskeli. "Mamba," akasema, "mwambie mwenyewe friwili haitengenezeki njiani. Lakini nina waya. Nitaifunga gia kwenye spoki. Itaenda, ila pedeli hazitapumzika tena. Gurudumu likizunguka, na mguu unazunguka."

"Mamba, mwambie mguu umezoea."

Akasikia Wandera anajizuia kucheka. Sauti ile ilimpata kifuani. Alikaa nyuma ya mkoma akisikiliza koleo linavyosokota waya, na akaona kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho. Wiki mbili zimebaki aende Bumula. Kama atanyamaza hapa, atanyamaza mpaka kaburini.

"Mamba," akasema, na sauti haikuwa ya utani tena, "mimi naenda nyumbani. Huyu anayekufunga waya, muulize kwa nini alifurahi hivyo kuniepuka. Miaka minne. Kama ubishi wangu ulimchosha si angesema?"

Wandera akaliweka koleo chini.

"Mamba, mwambie... wee, mwambie mwenyewe kwamba mimi ndio nimengoja! Miaka minne nangoja kuitwa!"

"Kuitwa?" Nerima nusura atoke nyuma ya mti. "Muulize kuitwa na nani!"

"Na mama! Kwetu mama mkwe ndiye huanza. Anamwita mkwe kwa jina lake, mbele ya watu, ndio mkwe analeta blanketi. Ukienda na blanketi kabla hujaitwa, unamwambia umechoka kumheshimu. Blanketi nilinunua ule mwaka wa kwanza. Liko hapo kwa keria. Nimelibeba kutoka Nairobi nikisema labda, kwa vile anaondoka, ataniita."

Nerima alilitazama lile furushi la nailoni, ambalo kwa siku mbili alidhani ni nguo za kulalia.

"Mamba," akasema polepole, "mwambie kwetu mama hawezi kutaja jina la mkwe kabla hajafunikwa. Akitaja, anaomba zawadi. Ni aibu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Watu wawili wazima, kila mmoja amesimama kwenye mlango wake, anamngoja mwenzake abishe hodi. Mshenga, ambaye kazi yake ilikuwa kujua kwamba Bumula na Funyula hazianzi mahali pamoja, alikula kuku wake akaenda zake. Wahenga walisema subira huvuta heri, kisha wakageuka wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo, wakatuachia sisi tuchague. Hawa wawili walichagua vibaya miaka minne mfululizo.

Nerima akaanza kucheka. Alicheka akashika mkoma, akacheka mpaka machozi, na machozi yalipokuja hayakuondoka kicheko kilipokwisha. Hakuchoshwa na mimi, alijiambia. Hakuchoshwa. Ilikuwa kama kutua mtungi ambao alikuwa amesahau kwamba yuko nao kichwani.

"Mamba," Wandera akauliza kwa wasiwasi, "mwenyewe analia ama anacheka?"

"Mwambie afunge waya. Kwao wanataka mashahidi wangapi?"

"Wawili."

"Hata kwetu. Basi twende tuwatafute."

Wandera akatangulia, akimwachia nafasi ya heshima, na Nerima akafuata, miguu ikizunguka bila ruhusa yake. Hakuweza kupumzika kwenye mteremko wala kwenye tambarare, na hakutaka. Walilikuta kundi chini ya mkorosho, Jecinta ameshaanza kuomboleza kwamba Mama Baiskeli ameliwa na mamba. Nerima akamweleza yote papo hapo, Wandera akiwa upande wa pili wa mti akiongezea pale alipopunguza.

"Ati nini?" Jecinta akasema. "Miaka minne nimevuka geti na chai ya moto mkononi, kumbe ni kwa sababu hamkuulizana?"

"Haiulizwi," wakasema wote wawili, mmoja huku na mwingine kule.

Maingi alitaka wafanye jambo lile pale pale kivulini, lakini Nerima akakataa. Alitaka wafike kwanza. Walivuka chini ya daraja kubwa la Sabaki, mitende na mashamba yakabaki nyuma, njia ikawa mchanga mtupu, wakashuka na kusukuma. Harufu ya chumvi ikaja. Walipanda kilima cha mwisho cha mchanga wakiwa wanahema, na kule mbele mto ukafunguka, ukawa mpana kama uwanja, ukaingia baharini bila kelele. Maji mekundu yalienda mbali ndani ya yale ya buluu kabla hayajachanganyika. Nerima aliyatazama kwa muda mrefu. Ndani ya wekundu ule kulikuwa na tone la Mukuru, alilopita juu yake kila asubuhi.

"Sasa," akasema Jecinta, "mambo ya mashahidi."

Hapo shida ikarudi. Nani aanze? Wandera alifungua nailoni, akalitoa blanketi, zito, la maua mekundu, lenye mikunjo ya miaka mitatu na zaidi, lakini hakuweza kusogea bila kuitwa. Nerima alisimama akimpa mgongo, mdomo wazi, asiweze kuita bila kufunikwa. Jina likitangulia, ni aibu kwa ukoo wa Nerima. Blanketi likitangulia, ni utovu wa heshima kwa ukoo wa Wandera. Walisimama tu, na upepo unapeperusha blanketi.

Maingi akaanza kusema kwamba kwao Ukambani mambo kama haya huwa yanaamuliwa na wazee. Jecinta akamkatiza.

"Hapa hakuna mzee, kuna mimi. Mnasikia? Nahesabu mpaka tatu. Nikifika tatu wewe unaita, na wewe unafunika. Saa hiyo hiyo. Bumula wakiuliza, blanketi lilitangulia. Funyula wakiuliza, jina lilitangulia. Mashahidi ni sisi, na sisi hatukuona tofauti. Moja!"

Wandera akakamata blanketi vizuri.

"Mbili!"

Nerima akafumba macho. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli, kama ya msichana.

"Tatu!"

"Wandera!" akaita, kwa sauti iliyopasuka, na neno halijaisha blanketi likaanguka mabegani mwake, zito na lenye joto la jua. Wale wenzao watatu wa kiwandani wakapiga makofi. Jecinta akapiga vigelegele vilivyowaamsha ndege wote wa mdomo wa mto.

Nerima akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa ya darajani alimtazama Wandera usoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na mvi mbili kwenye kidevu, ambazo hakuna aliyemwambia habari zake. Naye akatazama yale maji mekundu, kisha akamtazama tena.

"Mathe," akasema, "ulisema kweli. Mto unafika."

Nerima akalikaza blanketi shingoni.

"Nilikuambia," akasema. "Miaka minne nimekungoja nikuambie kwamba nilikuambia."